Wete na Maskati: Niliyojifunza kwa Miaka Saba

Nilikwenda Maskati nikiwa na miaka 26, nikauza vitambaa dukani Matrah kwa miaka saba, kisha nikarudi kwetu Wete, Pemba. Tangu nirudi, kila nikikaa barazani naulizwa: kuzuri wapi? Nimelifikiria sana swali hili.

1. Mshahara hupimwa mwisho wa mwezi

Rial moja ya Oman ni kama dola 2.6. Mwezi wa kwanza nilikuwa nikigeuza kila bei kuwa shilingi. Nikinywa chai, naona nimekunywa kilo ya mchele. Baadaye nikashika kalamu. Nikitoa kodi ya chumba tulichokaa watu wanne, chakula, simu na pesa za nyumbani, kilichobaki kilinunua mifuko michache ya saruji. Kaka yangu aliyebaki Pemba alinipita katika mwaka mzuri wa karafuu, shirika la biashara la serikali ya Zanzibar, ZSTC, lilipokuwa likinunua kilo ya daraja la kwanza kwa shilingi 14,000. Lakini mikarafuu haizai sawa kila mwaka. Ulipokuja mwaka mbaya, kaka huyo huyo ndiye aliyenipigia simu kuomba ada za watoto. Mie mshahara wangu ulikuwa mdogo, ila tarehe yake naijua.

2. Maji kwanza

Hili ndilo lililoniuma kuliko yote. Maskati ni jangwa na mawe, joto lake hupita nyuzi 45, na maji wanayokunywa ni ya bahari yaliyotolewa chumvi. Hata hivyo yalipanda hadi ghorofa yetu ya nne, usiku na mchana. Pemba tuna masika na vuli, tuna chemchemi na mabonde ya mpunga, na mama yangu aliamka kabla ya adhana ya Alfajiri kuwahi mfereji wa mtaa, kwa sababu jua likishatoka maji yamekatika. Nilikuwa nikioga kule huku namfikiria yeye na ndoo kichwani. Wapo wanaosema Pemba ni raha, samaki wapo, muhogo upo, nazi zipo. Ni kweli vipo. Lakini sijamsikia mwanamke anayebeba maji akiyasema hayo.

3. Oman nayo ilikuwa hivi

Kabla ya mwaka 1970 nchi ile ilikuwa na kama kilomita kumi tu za lami na skuli tatu. Mafuta yalianza kuuzwa nje mwaka 1967, lakini maisha ya watu yalianza kubadilika Sultan Qaboos aliposhika utawala Julai 1970, akawaita nyumbani Waomani waliotawanyika. Wengi wa waliotoka Zanzibar baada ya Mapinduzi ya 1964 walikuwa wamesoma. Wakawa walimu, wauguzi, makarani. Mzee mmoja wa ukoo wetu aliniambia, “Mwanangu, nilipofika hapa niliona nimerudi nyuma.” Sisi hatuna mafuta, na sisemi ni jambo jepesi. Lakini nilipokumbuka kwamba waya wa umeme uliopita chini ya bahari kutoka Tanga ulifika Pemba mwaka 2010, na kwamba kabla yake tulitegemea majenereta ya Wesha, niliacha kuamini kuwa kuna watu walioumbwa kwa ajili ya kiza.

4. Uliza maisha ya nani

Bibi yangu na bibi wa binamu yangu ni tumbo moja. Mmoja aliondoka 1964, mwingine akabaki na mikarafuu yake. Basi binamu ni raia wa Oman, na mie nilikuwa mtu wa viza, kafili, yaani mdhamini wangu, ndiye aliyenishika. Wiki moja tuliugua sote wawili. Yeye alikwenda hospitali ya serikali. Mie nilikwenda kliniki ya kulipia, zikaondoka pesa nilizoziweka za bati. Tulikula sahani moja Ijumaa ile, wali wa nazi na pweza, tukizungumza Kiswahili cha bibi zetu. Ukiniuliza Oman kukoje, hapo mezani palikuwa na majibu mawili.

5. Msiba

Nikiwa bado Maskati, baba alifariki asubuhi, akazikwa baada ya Alasiri. Ruhusa niliipata siku ya nane. Vijana wa mtaa walichimba kaburi, wanawake wakapika siku zote tatu, na hapana aliyelipwa wala aliyeombwa.

6. Nilichorudi nacho

Akiba yangu ingetosha kumaliza nyumba. Badala yake nilichimba kisima, nikanunua pampu na tangi la lita 2,000. Nyumba bado haina dari. Asubuhi mama hulala mpaka jua litoke, na majirani wanne huja kuchota kwetu, nasi huwafungulia mlango wa uani.