Somo la Kikundi: Vita vya Wagiriama vya 1914 – Vilianzaje, na Vilituachia Nini?



Tukisikia habari ya jeshi la kigeni kuvamia watu, mawazo yetu hukimbilia mbali. Tunakumbuka Iraki ilipoingia Kuwait mwaka 1990, au Marekani ilipoingia Iraki mwaka 2003. Lakini jambo hili lilishafika hapa kwetu, tangu upande wa Kaloleni mpaka mto Sabaki. Mmoja wenu asome kwa sauti, wengine wasikilize, kisha mjadiliane.

1. SABABU ZAKE

Mwaka 1907 utumwa ulifutwa kisheria katika pwani ya Kenya. Mashamba makubwa ya Malindi yakakosa watu wa kuyalima. Wakati huohuo Wazungu walikuja kufungua mashamba mapya ya mpira na pamba. Wote wakataka vibarua.

Wagiriama hawakuwa na haja ya kibarua. Walikuwa wameshavuka Sabaki, wakapata ardhi yenye rutuba, wakalima mahindi na kuyauza. Kijana alikuwa na shamba la kwao, mbuzi, na minazi ya kugema. Sasa aende kwa mzungu kutafuta nini?

Mwaka 1912 serikali ya Mwingereza ikamleta ofisa mmoja, Arthur Champion, akae katikati ya Wagiriama. Alitaka kodi ya nyumba, na alitaka vijana wakafanye kazi. Tena serikali ilikuwa na mpango wa kuwahamisha watu waliokaa kaskazini ya Sabaki, yaani kwenye shamba lao bora kabisa.

Je, nani aliulizwa? Serikali ilichagua wazee wake yenyewe, ikawapa amri wazipeleke kwa watu. Lakini kwa desturi ya Wagiriama mtu mmoja hakuamua peke yake. Wazee wa kambi walikaa, wakasemezana. Basi mzee wa serikali akiitikia mbele ya ofisa, huku nyuma watu hawajakubali lolote.

2. MAMA MEKATILILI

Hapo ndipo alipoinuka mama mmoja mjane, Mekatilili wa Menza. Alikusanya watu kwa ngoma ya kifudu, akawaambia wasitoe watoto wao. Wazee husimulia kwamba alimletea Champion kuku mwenye vifaranga, akamwambia achukue kifaranga kimoja. Alipojaribu, kuku akamdonoa. Mama akasema, ndivyo itakavyokuwa ukigusa wana wetu.

Mwaka 1913 watu wakakutana Kaya Fungo. Wanawake wakala kiapo cha mukushekushe, wanaume wakala cha fisi, kwamba hakuna atakayeshirikiana na serikali. Mwezi wa Oktoba Mekatilili alikamatwa pamoja na mzee Wanje wa Mwadorikola, wakapelekwa Kisii. Januari 1914 wakatoroka, wakarudi kwao kwa miguu, mamia ya kilomita.

3. JESHI LINAINGIA

Tarehe 4 Agosti 1914 serikali ililipua Kaya Fungo kwa baruti. Siku hiyohiyo Uingereza iliingia vitani na Ujerumani. Sasa walihitajika na wapagazi wa kubebea jeshi mizigo. Watu waliokuwa na uchungu wa kaya yao wakaja kudaiwa vijana tena. Mapigano yakaanza mwezi huohuo. Wagiriama walikuwa na uta na mishale, askari wa King's African Rifles walikuwa na bunduki. Watu wengi waliuawa, nyumba zikachomwa, mbuzi wakachukuliwa.

4. MATOKEO

Vita vilikwisha haraka, lakini adhabu haikwisha. Wagiriama walitozwa faini ya rupia 100,000. Walidaiwa vijana 1,000 wa upagazi. Wale wa kaskazini ya Sabaki walifukuzwa, wakaacha mashamba yao. Waliokuwa wakiuza mahindi wakawa hawana chakula.

Na serikali ilipata nini? Mashamba ya wageni hayakustawi kama ilivyotarajiwa, na baada ya miaka michache watu wakaruhusiwa kurudi ng'ambo ya mto. Mekatilili, aliyekuwa amekamatwa tena, alirudi kwao mwaka 1919. Lakini waliokufa hawakurudi.

Shida ya ardhi nayo ilibaki. Kwa sheria ya hati za ardhi ya 1908, wengi wa Mijikenda katika ukanda wa pwani hawakuandikiwa ardhi yoyote. Ndiyo maana hata leo kuna watu Kilifi na Malindi wanaoitwa maskwota mahali walipozaliwa babu zao.

5. TUNAJIFUNZA NINI?

Someni 1 Wafalme 21, habari za Nabothi na shamba lake la mizabibu. Yezebeli hakutuma jeshi. Alituma barua kwa wazee wa mji, nao wakatii. Nabothi akafa, shamba likaenda.

Vita vya 1914 havikuanza na bunduki. Vilianza siku watu wachache walipofanywa kuwa wasemaji wa wote. Siku hizi anayetaka ardhi haji na askari. Anakuja na gari, makaratasi na ahadi ya kazi. Sheria ya Ardhi ya Jamii ya mwaka 2016 inasema ardhi ya jamii iliyosajiliwa haitolewi mpaka theluthi mbili ya watu wazima walioandikishwa wakubali. Mwenyekiti peke yake hatoshi. Mzee wa mtaa peke yake hatoshi. Na tusisahau kwamba mwaka 1913 aliyeona hatari na kuisema hadharani alikuwa mama. Kikundi kinachowanyamazisha akina mama kinajiziba masikio.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Kwa nini Wagiriama walikataa kibarua? Je, walikuwa wavivu kama serikali ilivyodhani?
2. Kijijini kwetu, uamuzi wa mwisho kuhusu ardhi ulifanywa na nani? Wanawake na vijana walikuwepo?
3. Je, ardhi yetu imeandikishwa? Kama bado, nani kati yetu atakwenda ofisi ya ardhi, na atatuletea habari lini? Andikeni jina na tarehe katika kitabu cha kikundi.

Maliza kwa sala. Waombeeni wote wanaoishi leo chini ya vita, na wazee wetu wapewe ujasiri wa kusema, "Ngoja kwanza, nikawaulize wenzangu."