Haki ya Kusema "Siuzi": Mafunzo Niliyopata Matuu

Nimelima na kuuza mboga Matuu muda wa kutosha kuwa na msimamo kuhusu soko huria, na msimamo wenyewe ni kwamba naliunga mkono. James Shikwati, aliyeanzisha taasisi ya kutetea soko huria ya IREN jijini Nairobi mwaka 2001, alivuma mwaka 2005 alipoliambia jarida la Ujerumani, Der Spiegel, kwamba misaada kwa Afrika ikomeshwe. Nilimkubali. Lakini hoja zilizonishika zaidi nimezipata huku, kando ya barabara ya Thika kwenda Garissa, na baadhi yake zinagombana.

1. Mali ni kile unachoweza kukataa kukiuza

Wapo wanaosema umiliki binafsi ni mambo ya wazungu. Wakumbuke Wakamba wa 1938. Serikali ya kikoloni ilidai ng'ombe ni wengi mno na udongo unamomonyoka, basi wapunguzwe kwa lazima. Mmomonyoko ulikuwa wa kweli. Ila malisho nayo, yakiwemo ya Yatta, yalikuwa yamefanywa ardhi ya Taji, mifugo ikabanwa mahali padogo. Ng'ombe wakachukuliwa na kupigwa mnada kwa bei ya kutupa, na kiwanda cha nyama cha Liebig's huko Athi River kilikuwa tayari kuwapokea. Kwenye karatasi hayo yalikuwa mauzo: mnunuzi yupo, bei ipo, pesa zimelipwa. Kilichokosekana ni mwenye ng'ombe kuweza kukataa. Mwezi Julai, kiongozi wao Muindi Mbingu na Wakamba wengi, wanawake na watoto miongoni mwao, wakaenda Nairobi kukataa kwa pamoja. Mbingu alipelekwa kizuizini Lamu, lakini mwishowe uuzaji wa lazima ulisimamishwa. Kwangu mimi hiyo ndiyo historia ya soko huria Ukambani, na haikuongozwa na matajiri.

2. Wanunuzi wawili wakali ni bora kuliko mmoja mpole

Mishiri, yaani maharagwe mabichi ya kuuzwa Ulaya, ikishaanza kuzaa huchumwa kila baada ya siku chache, upende usipende. Ikichelewa inanenepa, mbegu zinajitokeza, na hakuna wa kuitaka. Kwenye kibanda cha kupimia, karani anaimwaga juu ya gunia safi, anachagua mmoja, anauvunja karibu na sikio. Ukilia vizuri, sawa. Iliyopinda inawekwa kando, yenye madoa kando, na fungu la kando linakua huku unalitazama. Msimu ambao mnunuzi alikuwa mmoja tu, fungu hilo lilikaribia nusu ya mzigo wangu, na ningembishia nani? Alipokuja wa pili na pikapu yake, mishiri ile ile ikanyooka ghafla.

Ndiyo maana siwatukani mabroka kama wanavyotukanwa mikutanoni. Broka analala na simu mkononi, bei ya soko la Marikiti, Nairobi, anaijua kabla hakujapambazuka, na akishindana na wenzake mzigo unapanda bei ukiwa bado shambani. Ubaya huja wanapokubaliana bei chini ya mti, jambo ambalo Adam Smith mwenyewe alilionya mwaka 1776, ingawa wanaomtaja sana hupenda kuiruka sehemu hiyo.

Na haki ya kukataa inauma ikiwa upande wa pili. Mwaka 2013 Ulaya ilipozidisha upimaji wa mabaki ya dawa kwenye maharagwe ya Kenya, wanunuzi walianza kudai rekodi za kupulizia, na wakulima wengi wadogo wakaachwa nje. Mlaji wa huko alikuwa anasema "sinunui". Siwezi kuidai haki hiyo kwangu nikamnyima yeye.

3. Bei ya amri haijazi rafu

Julai 2022, wiki chache kabla ya uchaguzi, serikali ilitangaza pakiti ya unga wa mahindi ya kilo 2 iuzwe shilingi 100 badala ya 205. Tangazo tulilisikia, unga tuliutafuta. Miezi michache kabla, bei ya petroli ikiwa imepangwa na serikali, na fidia ya kampuni za mafuta ikiwa imechelewa kulipwa, vituo vilikauka na watu wa bodaboda wakanunua kwenye chupa, kwa bei ambayo haikutangazwa na waziri yeyote.

4. Hati humlinda asiye na mtu ofisini

Mwenye jina kubwa anaweza kuishi bila hatimiliki, maana hakuna atakayethubutu kusogeza ua wake. Mjane mwenye ekari mbili ndiye anayeihitaji karatasi. Ibara ya 40 ya Katiba ya 2010 inalinda mali ya kila mtu, lakini mjane huyo haendi kortini na ibara. Anaenda na hati.

Kwa mtu wa msimamo wangu, bodi ya udhibiti wa ardhi ingepaswa kuwa adui. Sheria ya 1967 inasema shamba likiuzwa bila kibali chake, mauzo ni batili. Iweje nimwombe mtu mwingine ruhusa ya kuuza changu? Kisha siku moja nikamsikia mwanamke akisimama mbele ya bodi na kumwuliza mumewe, bila kupaza sauti, watoto watalima wapi. Mauzo yalikwama. Alikuwa anasema "siuzi" kwa kitu ambacho kilikuwa chake pia. Tangu sheria za ardhi za 2012, ridhaa ya mwenzi ni takwa la sheria, na hilo silipingi hata kidogo.

5. Mfereji haujanipa raha

Shamba ninalokodi linanywa kutoka Mfereji wa Yatta, unaoleta maji ya Mto Thika umbali wa kilomita 60 hivi. Ulichimbwa miaka ya 1950 kwa mikono ya watu waliozuiliwa na wakoloni wakati wa Hali ya Hatari. Anayehubiri uhuru wa soko huku akimwagilia kwa maji hayo inafaa apunguze sauti.

Na maji yenyewe ni ya nani? Kisheria yako chini ya serikali kwa niaba ya wananchi, na kuyatumia unahitaji kibali. Kiangazi kikikaza, walio juu wanawasha pampu usiku, na walio mwisho wa mfereji wanaamkia matope. Elinor Ostrom, aliyepata Nobeli ya uchumi mwaka 2009, alionyesha kwamba watumiaji wa maji wanaweza kujitungia kanuni na kuzisimamia wenyewe. Mimi nataka twende mbali zaidi: zamu ipimwe, iandikwe kwa jina la mtu, na asiyelima msimu huu aweze kumwuzia jirani.

Nilipolitoa wazo hilo, mzee mmoja wa mwisho wa mfereji aliuliza: mtu akiuza zamu yake mwaka wa njaa ili alipe karo, mwaka unaofuata atalima na nini? Nilijibu kwamba zamu ikodishwe msimu kwa msimu tu, isiuzwe moja kwa moja. Akasema hilo anaweza kulifikiria, mradi pampu za usiku zizimwe kwanza.