Jeni Inayochambua Herufi Mbovu

Tuanze na barua. Mtu wa Laela anamwandikia mdogo wake aliyeko Sumbawanga mjini: "Niletee dawa." Mkono ukiteleza akaandika d mahali pa w, barua itasema, "Niletee dada." Herufi moja tu, na mgonjwa anakosa dawa.

Kila kiumbe hai kina barua yake mwilini: mahindi, ng'ombe, mtu, hata kijidudu kisichoonekana kwa macho. Barua hiyo huitwa DNA (tamka di-en-ei). Imeandikwa kwa herufi nne tu: A, T, G na C. Herufi hizo hukaa mbili mbili, A na T, G na C. Sehemu ya barua yenye agizo moja huitwa jeni. Tumesema jeni, siyo jini. Hapa hakuna uganga.

Leo tutazame jeni moja ya bakteria aitwaye koli, anayeishi matumboni mwetu. Barua yake ina herufi kama milioni 4.6. Akipata chakula na joto la kutosha, kwa dakika 20 hugawanyika wakawa wawili, kila mmoja na nakala yake. Sisi tukinakili ukurasa mmoja tunachoka!

Shida ni oksijeni, ile hewa tunayovuta. Humsaidia koli kutumia chakula, lakini pia huharibu vitu mwilini mwake. Jembe lililoachwa nje mvua zote huota kutu. Ni kazi ya hewa hiyo hiyo pamoja na maji. Wazee wa Ufipa walioyeyusha chuma katika malungu waliijua kutu vizuri. Basi kati ya herufi nne, G ndiyo huharibika upesi zaidi. G mbovu, badala ya kukaa na C, mara nyingine hukaa na A. Ikiingia katika nakala, kosa hurithiwa na watoto, wajukuu na vitukuu.

Hapo ndipo jeni iitwayo mutT inapofanya kazi. Huagiza itengenezwe protini inayoikamata G mbovu kabla haijatumika na kuikata mkia, isiweze tena kuunganishwa. Ni kama mama anayechambua maharage kwenye ungo kabla hayajaingia chunguni. Ziko jeni nyingine, mutM na mutY, zinazosaidia baada ya uchafu kuingia. Lakini afadhali kuchambua unguni kuliko kutema jiwe mdomoni.

Mwaka 1954 wataalamu watatu huko Marekani, Treffers, Spinelli na Belser, walieleza habari za koli ambao watoto wao walibadilika kupita kawaida. Sababu ilichelewa kujulikana. Mwaka 1992 Maki na Sekiguchi wa Japani walionyesha kuwa mutT huondoa G mbovu. Bila jeni hiyo, makosa ya aina hii huongezeka zaidi ya mara mia. Sisi watu pia tunayo jeni ya kazi hiyo.

Haya yanatuhusu nini? Kifua kikuu. Bakteria wake nao wana jeni za ukoo wa mutT, lakini hakuna mchambuzi asiyepitiwa. Ndani ya mapafu ya mgonjwa mmoja wamo mamilioni ya bakteria, na mmoja wao aweza kupata kosa linalomfanya asiuawe na rifampisini. Ndiyo maana matibabu ya kawaida ya miezi 6 huanza na dawa nne pamoja: anayeponyoka hii anauawa na ile. Mgonjwa akiona nafuu mwezi wa pili akaacha, waliobaki huzaana, na kila nakala ni nafasi ya kosa jipya. Kifua kikuu sugu huweza kuzaliwa hivyo. Matibabu yake nchini yalianza mwaka 2009 katika hospitali ya Kibong'oto, Kilimanjaro, upande wa pili wa nchi kutoka kwetu.

Maswali ya kujadili kikundini:
1. Kwa nini ni vigumu bakteria kuponyoka dawa nne kuliko moja?
2. Koli asiye na mutT hupata hasara. Je, akikutana na dawa, aweza kupata faida?