FAHAMU: Nani Anayeisoma Picha Yako Hospitalini?
Anayekupiga eksirei si lazima awe ndiye anayeitolea majibu. Kusoma picha na kuandika ripoti ni kazi ya daktari wa radiolojia. Nchini Kenya, daktari huyu husomea udaktari kwa miaka 6, hufanya uanagenzi mwaka 1, kisha hurudi chuoni kwa shahada ya uzamili. Baadhi huongeza ujuzi wa kutibu kwa kuongozwa na picha, wakipitisha mrija mwembamba ndani ya mshipa bila upasuaji mkubwa. Mwaka 1964, huko Oregon, Marekani, Dkt Charles Dotter alizibua hivyo mshipa wa nyanya wa miaka 82 aliyekataa kukatwa mguu. Mguu ukapona. Ukipewa picha bila ripoti, uliza: imesomwa na daktari gani?