TUMUKANDE IMBWA: SOMO KWA WENYE KUFUGA

Wengi watacheka wakisoma kichwa cha somo hili na kuuliza: «Imbwa akandwe kama mutoto muchanga?» Ndiyo. Mutungojee kidogo, tutaeleza.

Imbwa wa sentineli wetu alianza kuchechemea. Wengine wakasema auawe: «Amezeeka, haiko na kazi tena.» Tukamupeleka kwa munganga wa nyama. Alimupima, akakuta mufupa haukuvunjika, homa hakuna. Ni viungo vilivyochoka na uzee. Akatufundisha kumukanda.

KWA NINI?

Imbwa hana mutulinga wa kuunga bega na kifua kama sisi. Miguu yake ya mbele imeshikwa na mwili kwa misuli tu, na ile miguu inabeba karibu 60 kwa mia ya uzito wake wote. Muguu wa nyuma ukiuma, mabega yanazidishiwa muzigo, yanakazana. Tukikanda:

1. Misuli inalegea, maumivu yanapungua.
2. Imbwa anatulia, anazoea mukono wa mutu.
3. Vidole vyetu vinakuta mapema kupe, kidonda ao uvimbe.

Lakini tusijidanganye: kukanda hakuponyeshi ugonjwa wa viungo. Kunapunguza uchungu tu.

NAMNA GANI?

Tungoje alale mwenyewe kwa ubavu. Tuanze shingoni kwa mukono wazi, polepole, tukifuata manyoya. Kisha mabega, halafu kandokando ya uti wa mugongo (si juu ya mufupa wenyewe, hapana!), na mwisho mapaja. Dakika 5 mpaka 10 zinatosha. Akigeuza kichwa, akikaza mwili ao akinguruma, tuache. Yeye ndiye mwalimu wetu pale. Tukimaliza, tunawe mikono.

SIKU YA KUACHA

Tusikande imbwa mwenye homa, kidonda, mufupa uliovunjika ao uvimbe wenye moto. Na imbwa usiyemujua, ao aliyegeuka tabia ghafula na kutoa mate mengi, usimuguse kabisa: inaweza kuwa kichaa cha imbwa. Akikuuma, osha kidonda kwa maji na sabuni dakika 15, kisha kimbia hospitali siku ileile. Kichaa kikisha kuonekana kwa mutu, karibu hakuna anayepona. Kwa hiyo chanjo kwanza, kukanda baadaye.

Imbwa wa sentineli bado anachechemea asubuhi. Lakini magaribi anasimama mwenyewe na kuzunguka uzio pamoja na bwana wake. Wale waliotaka auawe, sasa tunawaona wakimukanda mabega.

MASWALI

1. Kwa nini mabega ya imbwa yanachoka upesi?
2. Taja siku mbili ambazo hatumukandi.
3. Imbwa amekuuma: utafanya nini kwanza?