Kwenda Kuwatumikia Yatima

Wazazi kadha wa kadha wametuuliza neno moja: mtoto wao amemaliza masomo, naye ataka kwenda nchi ya kigeni kujitolea miezi michache katika shule ya Kikristo ya watoto yatima. Je, wamruhusu? Twaona swali hili lastahili kujibiwa kwa makini, maana lina pande mbili: yule aendaye, na yule mtoto atakayemkuta huko. Kwa kawaida watu huufikiri upande wa kwanza tu.

Sisi wa nchi hii tungepaswa kulijua jambo hili kuliko wengine, kwa kuwa tangu zamani tumekuwa upande wa kupokea. Mapadre Weupe walifika Ujiji mwaka 1879. Wakati ule Ujiji ulikuwa mji mkubwa wa biashara ya pembe na watumwa, na vita vya kuwasaka watumwa vilikuwa vimewaacha watoto wengi bila baba wala mama. Mapadre wakawakomboa baadhi yao kwa mali, wakajenga nyumba za yatima kandokando ya ziwa: Kibanga na Mpala upande wa Kongo, Karema upande wetu. Humo waliwafundisha dini, kusoma, kulima na kazi za mikono.

Tena hawakuja peke yao. Lavigerie, mwanzilishi wa shirika lao, aliwaalika pia walei, hasa wale waliokuwa askari wa Baba Mtakatifu huko Roma, waje kuzilinda nyumba hizo. Mmoja wao alikuwa Félix D'Hoop, Mbelgiji. Tarehe 4 Mei 1881 aliuawa huko Rumonge pamoja na Padre Deniaud na Padre Augier, katika ugomvi uliotokana na mtoto mmoja aliyekuwa chini ya ulinzi wa misheni. Rumonge si mbali. Barabara ipitayo Mwandiga kwenda Manyovu ndiyo imfikishayo msafiri kwenye mpaka wa Burundi, na Rumonge ipo ng'ambo, ufukoni mwa ziwa hili hili.

Mwingine ni Kapteni Léopold Joubert, Mfaransa. Alikuja ziwani mara ya kwanza, akarudi kwao, kisha akaja tena na hakuondoka. Alioa huku, akazaa watoto huku, akafa mwaka 1927 upande wa Mpala.

Lakini yule tupendaye zaidi kumtaja ni Adrian Atiman. Huyu mwenyewe alikuwa mtoto aliyeuzwa. Alizaliwa kando ya mto Niger, akatekwa angali mdogo, akavushwa jangwa, akakombolewa na Mapadre Weupe. Wakampeleka Malta, na huko alisomea uganga kwa miaka. Mwaka 1889 akafika Karema akiwa katekista na mganga, katika nchi ambayo haikuwa yake, kati ya watu ambao lugha yao hakuijua. Alifariki mwaka 1956 akiwa hapo hapo Karema. Hesabu mwenyewe, msomaji: ni miaka sitini na saba.

Hatuwataji watu hawa ili kumwaibisha kijana mwenye likizo ya wiki sita. Si kila mtu aitwaye kufia ugenini. Ila tutazame jambo moja: Atiman alisoma kwanza, ndipo akatumwa. Hakuna aliyemwambia kwamba moyo mwema watosha kutibu kidonda. Leo twaona mara nyingine kijana ambaye kwao hangeruhusiwa kusimama mbele ya darasa hata siku moja, akipewa darasa zima kwa sababu tu ametoka mbali na wanafunzi ni yatima. Je, yatima ana haki ya mwalimu mbovu kuliko mtoto mwenye wazazi? Hasha.

Wageni wengi husimulia kwa furaha jinsi watoto wadogo wa makao walivyowakimbilia na kuwakumbatia saa ile ile ya kufika. Mama yeyote aliyelea ajua kwamba mtoto mdogo aliyetulia nyumbani humwonea haya mgeni kwanza, hujificha nyuma ya kanga. Mtoto amkumbatiaye kila apitaye huenda ameachwa mara nyingi. Na kila afikaye kwa wiki chache, akapendwa, kisha akaondoka, amwongezea kuachwa kumoja.

Liko na la fedha. Hata katika ukombozi wa watumwa, watu wenye busara waliona hatari: mali iliyomwokoa mtoto huyu yaweza kumpa mfanyabiashara hamu ya kwenda kumteka mwingine. Hatari hiyo imerudi kwa sura nyingine. Pale wageni na sadaka zinapofuata makao ya yatima, watapatikana watu wa kuyajaza, na mashirika ya kutetea watoto yametaja mara kwa mara kwamba wengi wa watoto walelewao katika makao duniani wana angalau mzazi mmoja aliye hai. Ndiyo sababu Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa, mwezi Desemba 2019, lilizitaka serikali zizuie madhara yaletwayo na safari za kujitolea katika makao ya yatima. Sheria yetu ya Mtoto ya mwaka 2009 nayo yamtambua mtoto kuwa na haki ya kuishi na wazazi au walezi wake.

Sokoni Mwandiga tulipata kuzungumza na bibi mmoja muuza mawese, aleaye wajukuu watatu waliofiwa na wazazi wote wawili. Jirani alikuwa amemshauri awapeleke kwenye makao fulani ya mbali, ambako wageni huleta nguo na vitabu. Akatuambia, "Wanangu, hawa si watoto wa kupelekwa kwa watu nami ningali hai. Nikikosa, nimekosa sare na madaftari."

Basi, mzazi aliyetuuliza na amwulize mwanawe: wajua kazi gani ambayo shule ile imekosa mtu wa kuifanya? Waweza kukaa mwaka mzima au zaidi, na kumwachia mwalimu wa pale ujuzi wako? Kibali cha serikali ya huko unacho? Maana hata kwetu mgeni ajitoleaye hutakiwa kuwa na kibali cha ukaazi cha daraja C. Majibu yakiwa mazuri, amruhusu na kumbariki. Yakiwa si mazuri, nauli ya ndege ingali mkononi, na sare za wajukuu watatu zashonwa papo hapo sokoni.