SOMO LA MWEZI: HARUFU INAYOITA MSAADA

Kusoma: 2 Wakorintho 2:14-16, Wagalatia 6:2



Kabla ya kuja kambini nilikodi kipande cha shamba kule Bwera, nikapanda mahindi. Funza wa mabua waliyatoboa yote. Kwa aibu nikanyamaza. Kumbe jirani yangu alikuwa na shida ile ile, naye alinyamaza. Wote wawili tulivuna mabua matupu.

Mmea hauna miguu ya kukimbia wala mdomo wa kulia. Lakini Mungu ameupa harufu.

1. Harufu huita msaada. Funza akila jani la muhindi, mate yake yanagusa kidonda, na muhindi unatoa harufu mpya. Nyigu wadogo sana wanaisikia, wanakuja na kutia mayai ndani ya funza, na watoto wao wanamla. Mwaka 2011 watafiti wa ICIPE ya Kenya walitangaza kwamba baadhi ya mahindi ya asili huita nyigu mapema zaidi, mara nondo anapotaga mayai juu ya jani. Mahindi ya dukani waliyoyapima hayakufanya hivyo. Basi usidharau mbegu ya bibi yako.

2. Harufu huonya jirani. Mwaka 1997 wataalamu walionyesha kwamba tumbaku iliyoshikwa na virusi vya mozaiki hutoa harufu kama ya dawa ya kuchua misuli. Tumbaku ya karibu ikiipata, inaanza kujikinga kabla ugonjwa haujaifikia.

3. Harufu hufukuza na kuvuta. Kule Mbita, kando ya Ziwa Victoria, Dkt. Zeyaur Khan na wenzake walianzisha katika miaka ya 1990 njia ya «sukuma-vuta». Kati ya mistari ya mahindi unapanda desmodium. Harufu yake inafukuza nondo. Pembeni unazungusha mistari mitatu ya matete, ambayo harufu yake inawavuta. Wanataga huko, na funza wengi wanakufa, maana matete hutoa utomvu unaonata. Desmodium pia inarutubisha udongo na mbuzi wanaipenda. Wakulima wa mashariki ya Uganda wameitumia. Matete tunayajua wote, toka Congo hata Kasese, na hayahitaji pesa ya dawa.

Ndugu, Paulo anatufundisha kwamba sisi ni harufu ya Kristo, na kwamba tubebeane mizigo. Mmea uliojeruhiwa haufichi kidonda; na kwa sababu haufichi, msaada unakuja na jirani anapona. Kama nyumbani kwako kuna njaa, ugonjwa au kipigo, usinyamaze kama mimi nilivyonyamaza Bwera. Mwambie shemasi au mama wa seli yako. Na wewe unayeambiwa, usigeuze kilio cha mwenzako kuwa habari ya kisimani.

Maswali ya seli:
1. Ni shida gani tunaifichana hapa kwetu?
2. Nani ana mbegu ya asili au matete ya kugawia wenzake kabla ya mvua?

Bwana awabariki.